Utepe Kwenye Jicho la Bundi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, viongozi wa dini mliokubali kuja kujionea wenyewe, ndugu wazazi, na ninyi watoto mliokaa mbele kabisa kwa haki yenu: nawasalimu nyote.

Mimi ndiye mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa chumba hiki tunachokifungua, na jana, baada ya wiki nyingi, nililala usingizi wa kweli. Picha iliyo ukutani nyuma yangu ipo. Haijafutwa. Niacheni nishushe pumzi kwanza.

Ndugu zangu, nani kati yetu hakuiona ile picha ya simu? Mtu alichungulia dirishani, akapiga: watoto wamepanga mstari, mikono juu, mbele ya bundi mwenye jicho jekundu na nyota kichwani, kando yake fisi, chini nyoka anayejing'ata mkia, na kwenye shina la mti jicho ndani ya pembetatu. Kufika jioni tulishakuwa waabudu mizimu. Mlinzi wa getini aliniuliza kwa adabu kabisa, "Daktari, hivi huyo fisi mnampanda usiku au hata mchana?"

Haya, niwaambie hizo siri za kuzimu. Nyoka ni duara ambalo mtoto hulifuata kwa kidole ili bega lizunguke. Pembetatu ni njia ya kupandisha mkono na kuushusha. Na jicho la bundi liko juu kwa sababu mtoto aliyeungua bega hanyooshi mkono kwa kuambiwa "nyoosha". Anaunyoosha akiona kitu anachokitaka. Nilimwomba mchoraji wetu alama zinazoonekana kwa mbali, naye akaziweka msituni. Mlitaka achore nini juu ya mti, kuku?

Hata hivyo amri ilitoka: ukuta upakwe rangi nyeupe. Mchoraji akaja na ndoo, macho yamemwiva kwa kulia. Siku hiyohiyo akaingia Mama Mapacha, aliyelalamika kwa sauti kuliko wote, kumtoa binti yake kwenye mazoezi. Simcheki, hofu ya mama haina mchezo. Binti huyo, tangu amwagikiwe na maji ya moto, alikuwa akivalishwa magauni ya vifungo vya mbele tu, maana mkono ulikuwa haufiki hata usawa wa sikio. Akasema, "Mama, ngoja kwanza nimuage bundi." Akaenda ukutani, akauma midomo, akajinyoosha, akaligusa jicho kwa mkono huohuo.

Mama Mapacha alikaa palepale sakafuni, akalia mpaka mtandio ukalowa. Kisha akamgeukia mchoraji: "Hiyo rangi, fundi, kapake choo. Choo chao kinatia aibu." Na choo, waheshimiwa, sasa kinang'aa.

Mganga Mkuu, nakushukuru kwa kuiondoa amri ile. Mama Mapacha, nakushukuru kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba ukieleza ulichokiona, kwa sauti yako ileile.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkasi ulikuwa wako. Lakini utepe tumeufunga kule kwenye jicho la bundi, na kuna mtu hapa mbele ameomba aukate yeye, kwa mkono uleule. Naomba usogee kidogo, umpishe. Asanteni kwa masikio yenu. Mimi nimemaliza, sasa mtazameni yeye.