Mteja Hapatikani

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na ukikaa mwishoni peke yako unakubwaga chini. Hauna mwenyewe, ila wenyewe wanajulikana. Yuko Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja wa kuonyesha mfano. Yuko Mzee Mita, aliyesoma mita za maji za watu mpaka magoti yakagoma. Yuko Mama Vocha, anayeuza vocha za simu na kumimina kahawa kwa mkono ule ule. Na yuko Kisigino, fundi viatu, ambaye Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa amevimba kwa hasira. Cherehani yake ya kushonea soli ilikuwa imekufa wiki ya tatu sasa, gia imeng'oka meno, na shule ilitaka jozi sitini za viatu Jumatatu asubuhi, la sivyo kazi inakwenda kwa fundi mwingine. Gia nyingine alikuwa ameshaiagiza mtandaoni na kuilipia. Sasa redio ya Mama Vocha ilikuwa ikimtoa waziri, eti nchi yetu ni ndogo lakini leo kila mwananchi ana soko zima kiganjani.

Kisigino: Kiganjani! Kiganjani mwangu mna malengelenge ya msharasi, natoboa na kushona kwa mkono kama babu yangu! Zima hiyo redio, Mama Vocha, kabla sijaitoboa.

Mama Vocha: Redio yangu imekukosea nini, baba? Kunywa kahawa upoe.

Kisigino akawageuzia simu wote waone. Kwenye kioo palikuwa na ujumbe wa waleta mizigo, maneno mawili yaliyokuja Jumatatu na kurudi yale yale Jumatano: Mteja hapatikani.

Kisigino: Mimi! Miaka kumi na minane makalio yangu hayajahama kigoda hiki. Hata mbwa wa mtaani wanajua nilipo. Sipatikani na nani?

Kipara: Lakini Jumatatu si ulikwenda kumwangukia mwalimu mkuu akuongezee siku? Na Jumatano ukaenda kwa mchomeleaji?

Kisigino: Nusu saa, Kipara! Nusu saa! Na nyinyi si mlikuwepo? Kuna mtu alileta mzigo?

Mzee Mita: Mzigo? Hata wa kuni haukufika. Hapa tunalinda watu wetu, mwanangu. Juzi tu alipita mmoja hapa na makaratasi...

Kipara: Mzee, tuachie makaratasi! Mimi nawaambia, gia iko forodhani. Ofisa ameifungua, ameipenda, ameivaa. Wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko.

Mama Vocha: Gia inavaliwaje, wewe?

Kipara: Shingoni. Wale huvaa chochote.

Mzee Mita akakohoa kikohozi chake cha kuomba nafasi. Kisigino alikijua kikohozi hicho na akafumba macho.

Mzee Mita: Forodha mnawaonea. Mtandao unapita kwenye kebo chini ya bahari, na mimi mabomba nayajua. Nchi kubwa ziko juu ya bomba, zinafungua koki zote, zinaogea, zinamwagilia bustani. Sisi wa mwisho tunapata matone. Jina la Kisigino lilitoka hapa zima, likafika huko limebaki herufi tatu. Ndiyo maana wakasema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Kisigino: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Mzee Mita: Imeingia na maji.

Kipara: Si koki, mzee. Ni udogo wa nchi. Nchi gani hii, ukipanda baiskeli isiyo na breki unashtukia umevuka mpaka? Jamaa wa duka akigusa ramani kututafuta, kidole chake kinatufunika sote. Atatuona wapi?

Mama Vocha: Mimi nasema hata duka halipo. Ni mtu mmoja tu, kajifungia chumbani na picha za vitu. Anacheka.

Kisigino alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Hawa wanacheka, na yeye Jumatatu atakwenda kumwambia nini mwalimu mkuu? Tangu aanze ufundi hajawahi kurudisha kazi, hata kandambili ya mtoto.

Kisigino: Wanatudharau! Hela yangu waliipata kwa dakika moja, wala hawakuuliza nakaa wapi. Ila kuniletea kipande cha chuma, ah, sipatikani! Ingekuwa mtu wa kule majumba ya geti, wangempelekea mpaka kitandani!

Simu ikaita mkononi mwake. Akaitazama, namba ngeni. Akaikata bila kusita.

Kisigino: Na matapeli nao hawachoki.

Mzee Mita: Vizuri. Namba ngeni haipokelewi. Nani aliwafundisha?

Wote: Wewe, mzee.

Birika lilikuwa linakaribia kwisha ndipo dada mmoja wa makamo akaja kwa miguu kutoka barabarani, kofia ya pikipiki kwapani, karatasi mkononi. Akasimama mbele ya ubao na kusoma majina matatu, yaliyonyooka kama ya cheti cha kuzaliwa.

Kijiwe kikawa baridi. Desturi yao inajulikana: anayekuja na jina la utani ni mwenzetu, anayekuja na majina matatu ni mahakama au kodi, na hapo hakuna anayemjua mtu.

Kipara: Hapa hakuna mtu huyo, dada.

Mzee Mita: Kama tulivyokwambia juzi. Na Jumatatu.

Kisigino alikuwa ameshasimama, msharasi umemdondoka.

Kisigino: Ni mimi.

Kipara: Wewe? Kumbe nawe una majina?

Dada akamtazama. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka.

Dada: Nimekuja mara mbili na mzigo wako, baba. Pikipiki haipiti kichochoro hiki, nauacha kwa mwenye duka kule juu, natangulia na karatasi. Leo nimekupigia nikiwa nimesimama mlangoni pa gari la kurudisha mizigo. Ukanikatia.

Kisigino: Gari liko wapi?

Dada: Limeshaondoka.

Kisigino akawageukia. Kipara alikuwa anakikagua kichana. Mama Vocha alikuwa anapangusa kikombe kikavu.

Mzee Mita: Tulikuwa tunakulinda, mwanangu.

Kisigino: Mlinilinda! Nyie! Tumetukana nchi nzima, tumetukana forodha, tumetukana bahari!

Akaingia kibandani kwa Kipara, anakoweka vifaa vyake, akatoka na gunia la ngozi zilizokatwa, sindano nne na donge la uzi wa nta. Akaweka sindano kwenye paja la Mzee Mita, la Kipara, la Mama Vocha, ya nne akabaki nayo.

Kisigino: Jozi sitini. Jumatatu saa moja. Hanyanyuki mtu hapa.

Kipara: Na vichwa vya wateja wangu?

Kisigino: Viote!

Dada alikuwa bado amesimama, kalamu juu ya karatasi.

Dada: Samahani, wazee wangu. Fomu ina mstari mmoja umebaki. Sababu ya mteja kutopatikana. Niandike nini?

Wakainamisha vichwa vyote vinne, kila mmoja anatafuta tundu la sindano yake.