Rula ya Baba na Mstari wa Buluu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, na baba alikuwa mtu wa kusahihisha hata kadi za mialiko, kwa hiyo tarehe zote nimezihakiki mara mbili.

Baba alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, nyumba ya tatu kutoka mtoni, akamaliza shule ya msingi mtaani hapa mwaka 1965, sekondari 1969, kisha chuo cha upimaji ardhi, na Januari 1973 idara ya mipango miji ikamwajiri achore ramani ya mitaa inayofurika.

Enzi hizo aliwauliza watu maji yaliwafika wapi, wao wakijibu gotini, kiunoni, kifuani, naye akiandika, mpaka mshonaji mmoja mfupi alipomuuliza, "Kiuno cha nani, kaka, changu au cha huyu mnara jirani yangu?", swali ambalo hakulijibu, ila aliyeliuliza alimwoa, tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Kutolijibu kulimponza. Ramani yake ilisema zahanati iko salama, kwa kuwa pale aliwauliza wapakuzi wa ghala jirani, majitu yote, wakamjibu gotini, na tarehe 9 Mei 1979 maji yakaingia wodini yakamchukua mkunga wa zamu. Wakubwa kazini walitaka kuisingizia mvua, baba akasimama mbele ya wafiwa akasema, "Kosa ni langu." Wana wa mkunga yule wamekaa nasi hapa leo.

Tangu hapo alitembea na rula ya mbao ndefu kuliko yeye, akichora mstari wa buluu kila ukuta ulipofikiwa na maji, akaitwa Mzee Rula, na wenye nyumba wakamnunia, maana nani apange chumba chenye mstari kifuani? Alianza na ukuta wake mwenyewe. Mwaka 2016, miaka mitano baada ya kustaafu, mto ulipopanda, watu waliutazama mstari wakahama mapema, hakufa hata mmoja, na idara ikajipongeza.

Figo zilimsumbua tangu 2022, akatutoka Jumanne alfajiri, mama akiwa kando yake. Jana mafundi waliokuja kupendezesha sebule kwa ajili ya wageni walitaka kuufuta mstari, mama akawanyang'anya brashi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake kazini, na majirani wote, hata mlioupaka mstari wenu chokaa, bado hamjachelewa kuuchora upya, rula ipo mlangoni.

Kaburi tumelipima kwa rula hiyohiyo. Pumzika kwa amani, baba, hapo ni pakavu.