Fundi Aliyezishusha Nyuzi za Mkewe

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kumsindikiza fundi wetu, familia imenituma mimi, dada yake mdogo, niwasomee safari yake, nami nitaisoma kama ilivyoandikwa kwenye daftari la nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa reli, ambako garimoshi likipita vikombe vililia kabatini, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo hakushtuka hata mara moja, alitega sikio tu, kama anayengoja vikombe vimalize. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969, akaingia karakana ya useremala Januari 1970, na tarehe 2 Mei 1974 akafungua chumba chake cha kutengeneza magitaa nyuma ya duka la vitambaa, chumba chenye dirisha moja, ambamo vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa asubuhi taratibu mno, hata mteja akasahau kilichomleta.

Siku zile alishikilia jambo moja, kwamba gitaa la kweli ni la nyuzi nene zilizoinuliwa juu ya shingo, kwa sababu hapo mlio humfikia hata aliyekaa nyuma kabisa, na aliyelalamika kuumia vidole aliambiwa akapige filimbi.

Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na wifi yangu, mwunganisha simu wa posta, aliyepiga gitaa tangu shuleni, akamzawadia gitaa alilolichonga mwenyewe kwa miezi saba na kulifunga nyuzi nene kuliko zote alizokuwa nazo, namba kumi na tatu. Bibi harusi alilipiga miezi minne, kisha likatundikwa ukutani, wakazaliwa watoto watatu, mwaka 1980, 1983 na 1987, na kaka akajiambia kwamba kazi za nyumbani na ulezi vimemmaliza mwenzake hamu, wala hakuuliza, ingawa jioni alilitazama gitaa lile kama mtu anayetazama dirisha la nyumba aliyoihama.

Mwaka 1999 viungo vya mkono wake wa kushoto vilianza kuvimba, na tarehe 6 Agosti, akilipangusa gitaa lile vumbi, alijaribu kubana nyuzi zake, vidole vikakataa, akaingia nalo jikoni kumuuliza mkewe alikuwa akilipigaje. Wifi, akikata vitunguu, alijibu bila kugeuka, "Kwa kuuma meno, baba watoto." Akauliza mbona hakusema. "Ningesema saa ngapi, na wewe kutwa unausifia mlio?"

Siku tatu hakupokea kazi ya mtu. Alikichomoa kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi, akakisugua kwenye msasa kidogo kidogo, akipima kwa vipande vya kalenda ya zamani alivyovipenyeza katikati ya shingo na uzi, akafunga nyuzi nyembamba, namba kumi, na kwa kuwa nyuzi hizo hazivuti sana, shingo ilirudi nyuma zikaanza kukwaruza, akakilegeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, zikatulia. Tarehe 9 Agosti wifi alilipakata, akabana, akangoja maumivu, hayakuja.

Tangu hapo mteja akiingia, kaka hakutazama gitaa kwanza, alisema "lete vidole," akavishika na kuandika, mwalimu, ngozi laini, namba kumi, mpiga bendi, ngozi ya mamba, namba kumi na mbili, hata mtaa mzima ukamwita Daktari wa Vidole, na madaftari hayo ni matatu, yote tunayo. Lakini wifi alilipiga gitaa lake mlango ukiwa umefungwa, akisema nyuzi laini hivyo nani atazisikia, na wasiwasi huo kaka ndiye aliyempandikizia.

Novemba 2022 kaka aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Tarehe 28 Mei mwaka huu wa 2023, alasiri, akiwa kitandani, alimwomba mkewe apige na dirisha lifunguliwe, akamtuma binti yake mkubwa hadi getini, akamuuliza kwa sauti iliyokwisha nguvu kama gitaa linafika, binti akajibu, "Linafika, baba," akamwambia asogee hadi kona ya barabara, naye huko mbali, asiyeweza tena kumsikia, akainua mkono. Kaka aliuona mkono ule kupitia dirisha, akafumba macho, akacheka mpaka akakohoa. Alifariki tarehe 9 Juni, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili.

Sasa wifi atapiga gitaa lile. Hajawahi kupiga mbele ya watu tangu mwaka 1979, kwa hiyo mliosimama nyuma kabisa, likiwafikia, inueni mkono, aone kwamba fundi wake, alipozishusha nyuzi, hakukosea mara ya pili.

Pumzika kwa amani, kaka, linafika.