Vidole: Mcheza Gemu Aliyechelewa Kupata Mwenzake

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni dada yake wa kumfuata. Wifi yangu, mjane wa marehemu, ameyasoma haya kabla yenu. Amefuta sentensi mbili na kuacha zilizobaki, kwa hiyo mtakayoyasikia yana idhini yake.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la saa la baba. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Mama alikuwa mpishi wa shule. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Vidole, na wengine nadhani hamkuwahi kujua jingine. Baba ndiye aliyempa jina hilo, alipomwona angali mdogo akichopoa skrubu ndani ya saa ya mteja kwa kucha, baada ya yeye, fundi mwenyewe, kushindwa kwa kibanio.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya ufundi, akamaliza mwaka 1979. Akili alikuwa nayo, lakini walimu walilalamika kila muhula kwamba mawazo yake hayapo darasani. Yalikuwa kwenye ukumbi wa jirani na sinema, ambako ililetwa mashine ya kwanza ya gemu tuliyowahi kuiona. Jioni moja alitumwa kwa fundi viatu kuchukua viatu vya baba, maana kesho yake kulikuwa na harusi. Akapitia ukumbini. Alirudi giza limeshaingia, mkononi ana kiatu kimoja. Cha pili alikiweka juu ya mashine na hakikuonekana tena. Baba alikwenda harusini na suti, tai na makubazi, na katika picha ya maharusi amejibanza nyuma ya meza. Hakumchapa. Alimwuliza tu kama alishinda.

Kazi alifanya nyingi, na shangazi zetu walisema hatulii. Alianzia mezani kwa baba, mpaka zikaja saa za betri ambazo zikiharibika watu walizitupa. Akahamia sinema, akawa mtu wa kuendesha mashine ya kuonyesha picha, mpaka sinema ikafungwa na jengo likawa ghala la magodoro. Mwaka 1987 akawa mwalimu wa udereva. Mwaka 1993 akaajiriwa kwenye yadi ya makontena, akapanda kreni, na huko ndiko alikodumu zaidi. Msimamizi wake, ambaye yuko nasi hapa, ameniambia kwamba Vidole aliweza kuteremsha kontena juu ya lingine bila kusikika mlio. Mwaka 2009 magoti yalipoikataa ngazi ya kreni, alikwenda kufundisha kompyuta katika chuo cha ufundi. Ukimwuliza mbona kila mara anaanza upya, alisema yeye ni mcheza gemu, maisha yakiisha anabonyeza anaendelea.

Na alicheza kweli, miaka yote hiyo. Kila mtambo mpya wa gemu ulipotoka aliununua wa mtumba, akaukarabati mwenyewe, akaufungia katika chumba cha uani. Hakuwa mlevi, hakuwa mtu wa vijiweni. Akitoka kazini alikula, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Alifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1989 na muuguzi wa wodi ya watoto, aliyekuwa mwanafunzi wake wa udereva. Wifi alianguka mtihani mara mbili kwenye kurudi nyuma. Kaka aliapa kwamba alianguka makusudi ili masomo yaongezwe. Wifi hajawahi kukubali wala kukataa. Walijaliwa mabinti wawili. Ilikuwa nyumba ya heshima, haikusikika kelele. Lakini nitasema alichoniruhusu wifi kusema: ilikuwa pia nyumba ya watu wawili waliopishana. Yeye akirudi zamu, mwenzake yuko uani.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, wifi aliingia katika chumba hicho kaka akiwa katikati ya gemu. Alisimama mlangoni, akauliza kuna raha gani humo. Kaka aliona haya, akazima televisheni. Wifi akageuka, akaenda zake jikoni. Hawakulizungumza tena. Mwanamke hakurudi chumbani humo, na mwanamume hakumwita, na miaka ikapita namna hiyo.

Ugonjwa ulianzia mikononi. Mwishoni mwa mwaka 2019 vikombe vilianza kumponyoka, kisha funguo, kisha chaki. Daktari wa mishipa ya fahamu alieleza kwamba misuli itakufa kidogo kidogo, na dawa ya kuizuia hakuna. Kaka aliacha kazi. Siku padi, kile kishikio chenye vitufe vya kuchezea, ilipomwangukia mapajani na asiweze kuiokota, alimwambia mkewe waigawe mitambo yote. Wifi aliiokota padi, akavuta kigoda, akakaa.

"Sema," alimwambia. "Mimi nitabonyeza."

Alicheza vibaya sana. Ilikuwa gemu ya msafiri anayevuka milima, na wifi alimtumbukiza msafiri huyo kwenye korongo lile lile wiki nzima. Kaka alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Alimwelekeza kwa sauti ile ile ya mwalimu wa udereva, polepole mama, usikaze mkono, na wifi akamjibu kwa ukali ule ule wa zamani. Sisi tuliokuwa tunakwenda kumwona mgonjwa tuliwakuta wanagombana kama wachumba, na chai tukajipikia wenyewe.

Siku moja, katikati ya kucheza, wifi alimwambia asichokuwa amekisema tangu mwaka ule wa kwanza.

"Siku ile nilikuja unifundishe."

Maneno yalikuwa yameanza kumwia kaka magumu.

"Nilidhani umekuja kunicheka," alisema. Kisha akasema, "Tumepoteza muda, mama."

Wifi hakumbishia. Walikuwa wamebakiwa na mwaka mmoja na kidogo. Sauti ilipokwisha, kaka alimwelekeza kwa macho, na yeye akayafuata. Mapema mwaka 2023 alipata homa ya mapafu, akalazwa. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari, mkewe akiwa amemshika mkono. Ile milima hawakuimaliza kuivuka.

Marehemu ameacha mama yetu mzazi, wadogo watatu, mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu wawili. Ameacha wanafunzi wengi, wa usukani na wa kompyuta. Na ameacha mke, aliyeishi naye nyumba moja kwa zaidi ya miaka thelathini, na ambaye urafiki wao ulikuwa bado mchanga.

Mungu akupe pumziko jema, kaka.