Siku Mama Nukta Alipoizima Nyeusi

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, wateja wetu mliofunga ofisi mchana huu ili mje kukaa nasi, mafundi wenzangu wa mtambo wa kuchapa ambao leo kwa mara ya kwanza nawaona mmenawa hadi viwikoni, na wewe mstaafu wetu, dada yetu, Mama Nukta: habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache. Aliyeniomba hakujua kwamba mimi na huyu dada tulianza kwa kununiana miaka miwili mizima. Yeye alikuwa juu, chumba cha kuandaa faili, penye kiyoyozi. Mimi chini, penye kelele. Kazi ikiharibika, juu walisema, "Mtambo wa Mzee wa Wino umechoka," yaani mimi. Nasi chini tukajibu, "Hao wa kiyoyozi wametuletea uchafu tena." Jina la Mama Nukta nilimpa mimi, kwa kejeli, kwa kuwa hakuachia hata nukta moja ipite bila kuikagua kwa lenzi yake. Leo nalitamka kwa heshima.

Ndugu zangu, mnavikumbuka vile vikaratasi vya dawa ya watoto? Elfu arobaini, herufi ndogo kama ufuta, na vyote vilirudi. Kila herufi ilikuwa na kivuli chekundu upande huu na cha buluu upande ule, na kwenye mstari wa kipimo, tatu haikutofautiana na nane. Nani kati yenu angempa mwanawe dawa kwa kusoma karatasi ile? Lawama zikashuka ngazi moja kwa moja hadi kwangu. Nikaurekebisha mtambo mara tatu, nikachapa tena, kivuli kipo palepale. Barua ya kunifukuza kazi ikaandikwa, ikabaki sahihi tu.

Asubuhi ya kuitwa ofisini nikamkuta Mama Nukta ametangulia, ameikumbatia kompyuta yake. Nikajua amekuja kunizika. Akamwambia bosi wa wakati ule, "Tazama hapa. Naizima rangi nyeusi." Akabofya. Kama herufi zile zingekuwa za wino mweusi peke yake, zingetoweka zote, ukurasa ukabaki na picha zilizofifia tu. Hazikutoweka. Zilikuwa pale pale, kahawia, zinatutazama.

"Faili ililetwa na rangi za skrini," akasema. "Nikaibadilisha kwenda rangi za wino kwa mkupuo mmoja, picha na maneno pamoja. Picha zinapendeza hivyo. Lakini maneno meusi nayo yakagawanywa kwenye wino nne: buluu, nyekundu, njano na nyeusi. Hata malaika hawezi kuzipanga wino nne zikae sawasawa juu ya kijistari chembamba namna hii, karatasi elfu arobaini. Mtambo hauna kosa, bosi. Kosa ni langu."

Jamani, hebu fikirini. Kila mtu alishakubali kuwa ni mimi. Alichohitaji ni kunyamaza tu, tena kwa siku moja, na mtu aliyekuwa hampendi angeondoka zake. Badala yake yeye ndiye aliyepewa onyo, na ukuu wa idara aliokuwa akiusubiri ukaenda kwa mwingine. Mimi nikarudi kwenye mtambo wangu. Tangu siku ile hakuna faili iliyoshuka ngazi kabla hajaizima nyeusi na kuangalia kama maneno yameondoka, na vijana wote wa juu amewafundisha hivyo hivyo. Nampenda kwa kazi yake, lakini kwa asubuhi ile namheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Sasa limebaki moja. Mke wangu yuko hapa, meza ya tatu, mwenye gauni la kijani. Mama watoto, miaka kumi na minne nimekusimulia wewe, wanao na mashemeji, jinsi nilivyoligundua kosa lile mwenyewe, nikamnyamazisha bosi. Watoto wameipeleka hadithi hiyo hadi shuleni. Si kweli. Nilikuwa nimesimama mlangoni tu, naitazama barua ya kunifukuza juu ya meza. Aliyeiokoa kazi ya baba yao ni huyu hapa, na hajawahi kunidai hata asante.

Dada, nisamehe. Nanyi nyote, nawashukuru kwa masikio yenu. Naomba nishuke, maana naona mke wangu ameshainuka, na haji kwangu. Anakuja kwako, dada.