Nani Anaandika Mashine Ikishaanza?

Kaleb, fundi wa kompyuta ofisini, ndiye aliyemwambia mwenzake Amne kwanza: tovuti ya mwongozo wa mifugo imerudi tena kwenye Kiingereza. Kurasa zote za Kiswahili alizichapa Amne, miezi mitatu, mtoto mgongoni. Na bosi ameshasema: kesho saa sita mchana isipokaa sawa, inatoka kwa Kiingereza kitupu. Jioni ile Amne akamfuata Kaleb kwenye kijiwe cha kahawa Manundu, akaketi ncha ya benchi. Fundi redio, waliyemwita Injinia, alikuwa ameshaanza kumhoji Kaleb.

— Kaleb, ule mpangilio wa lugha umeubadilisha?

— Mara nne, kaka. Naandika Kiswahili, nahifadhi, nabonyeza. Programu inajenga kurasa zote. Ikimaliza, Kiingereza!

— Joto hilo. Kompyuta ikichemka inasahau. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani, wewe? akadakia Mzee Sharifu, muuza kahawa. Chombo kimezaliwa Ulaya hicho. Mwacha asili ni mtumwa.

— Mbona redio yangu ya Japani inaongea Kiswahili?

— Si unaipiga makofi!

Wakacheka. Amne hakucheka.

— Basi ni setilaiti, Injinia akasema. Ikipita juu ya Korogwe inafyonza Kiswahili chote, inakwenda kukitema Mombo.

Hapo akafika Naipanoi, mfugaji wa Misima, kuulizia ukurasa wa dawa ya kupe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

Akaelezwa yote, pamoja na setilaiti.

— Mwaka jana nilikisia kipimo, akasema. Ndama wawili wakafa. Sasa nielewesheni. Kabla mashine haijaanza kujenga, Kaleb anaandika Kiswahili. Ikishaanza, nani anaandika?

Amne akainuka kwenye benchi, akaondoka na swali hilo. Mzee akatikisa birika, limekauka.

Asubuhi Amne alitangulia ofisini. Mpangilio wa lugha hakuugusa. Alifungua faili la amri ambazo programu huzifuata inapojenga, akalisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Katikati akaikuta amri aliyoiweka Kaleb siku wafadhili walipotembelea: kila ujenzi ukianza, lugha igeuzwe Kiingereza. Wageni waliondoka, amri ikabaki. Akaifuta. Kisha akamngoja Kaleb, akamwonyesha kwa sauti ya chini, akampisha kwenye kiti ili abonyeze mwenyewe. Kurasa zikatoka kwa Kiswahili, na nyuma yao Naipanoi, aliyekuja kufuata ukurasa wake, akaanza kusoma kipimo, neno moja moja, kwa sauti.