Tope Hai la Mama Fartun

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Kafia Diriye. Kafia, Mama Fartun, mlezi wa tangi la majitaka katika zahanati moja hapa Garsen. Mlimjua. Mlikuwa mkiziba pua akipita.

Tangi lile halikuwa shimo la choo. Ndani mlikuwa na tope hai. Wadudu wasioonekana kwa macho walikula kinyesi chetu, na wengine wakubwa kidogo wakawala hao walioshiba. Pampu iliwapulizia hewa. Tope lilitua chini, maji yakabaki juu yametakata, ndipo yakaachiwa kwenda mtoni. Na mtoni, wasikilizaji, watu wa Chara, kule chini mto unakoshukia, wanachota.

Tope la kwanza Kafia alilileta mwenyewe kutoka Malindi, ndani ya jerikeni, kifuniko amekilegeza ili wadudu wapumue. Kondakta wa basi aliposikia harufu akamshusha Minjila, kabla ya kufika Garsen. Akamalizia safari kwa miguu, jerikeni mgongoni.

Harusini alitengewa sahani yake, kando, karibu na mbuzi. Binti yake Fartun anasema: "Hooyo, mama yetu, alikuwa anacheka tu. Sisi watoto ndio tulikuwa tunalia."

Alikuwa na amri moja, na aliirudia hadi ikatuchosha: "Dawa hapana! Mtu asimwage dawa kwa bomba. Hii dudu ikikufa, nyinyi mtakunywa choo."

Mwezi uliopita presha ilimwangusha Kafia nyumbani kwake, pale pale zahanati. Akafariki. Wakaja waosha maiti, Bi Kibibi mbele. Maji, sabuni na kafuri zinamtosha kila maiti, lakini kwa Kafia wakaona hazitoshi.

"Huyu ameshika mavi ya mji mzima," Bi Kibibi alisema. "Leteni dawa."

Zikaja jerikeni za dawa ya kuulia vijidudu. Wakammwagia, wakamsugua, wakammwagia tena. Fartun akapiga kelele kwamba bomba la bafu linaingia kwenye tangi. Wakamtoa nje, wakasema ni uchungu wa mama.

Matanga hayajaanuliwa, tangi likawa limekufa. Tope likaelea jeusi, na uchafu wetu ukaenda mtoni kama ulivyotoka matumboni. Chara watu wakaanza kuhara. Mtoto wa Buya, wa huko huko Chara, alizikwa. Nasema tena, alizikwa, na alikuwa hajaota meno.

Tangi linaweza kufufuliwa. Linataka jerikeni moja ya tope hai kutoka Malindi, moja tu. Garsen nzima hajapatikana wa kuibeba. Basi Bi Kibibi akamwendea Fartun.

"Mwanangu, wewe umezoea. Utusaidie."

Fartun akamtazama. "Nikiibeba, Bi Kibibi, siku nikifa mtaniosha na nini?"

Bi Kibibi akajifunga leso yake, akaondoka.

Tunampa pole Fartun na jamaa zake wote. Pole Buya, pole na mama mtoto. Sisi wengine hatustahili pole ya mtu. Tulifikirie swali la Fartun kila tunapovuta maji chooni, maana jibu lake wanalinywa Chara.